Nyuki Niliowasingizia

Hadi leo nikisikia watu wanaongea habari za asali hutazama pembeni, maana kijiji kizima cha huko juu ya Mlalo kinajua kwamba mimi, mwalimu mwenye shahada ya chuo kikuu, niliwahi kuwasingizia nyuki, tena mbele ya wakwe.

Mimi ni zeruzeru (siku hizi kuna majina ya adabu zaidi, ila miaka ile ya Ujamaa jina lilikuwa hilo na nililiitikia), na jua la Lushoto, ambalo wageni hulisifu kuwa halichomi, lilikuwa limenichoma vya kutosha hadi kidonda kikakaa kando ya pua yangu na kukataa kupona. Daktari alichukua kinyama kidogo akakipeleka kupimwa, na majibu yaliporudi akaniambia ni kansa ya ngozi, ila ingali juu juu, haijazama.

"Tunaweza kukata," alisema, "au upake dawa hii. Ukipaka, uso utaharibika kwanza. Utakuwa mwekundu, utachubuka, wewe endelea tu mpaka nikuambie acha. Ukiishia njiani, ugonjwa utarudi. Na jua ulikimbie."

Nikachagua dawa. Ningependa kusema nilipima mambo kisomi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naposa, na nilihofia kovu la kisu usoni. Nilichosahau kupima ni kalenda: siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Rebeka ilipofika, uso wangu ulikuwa kama nyanya iliyokanyagwa gulioni. Rebeka mwenyewe, aliyekuwa akifundisha akina mama ushonaji pale kijijini, sikuwa nimemwambia kitu. Nilitaka aje asikie nikiwa nimeshapona, mzuri.

Tulipokelewa vizuri, mimi na mjomba wangu Yonathani aliyenisindikiza. Mama yake Rebeka akaitikia shikamoo yangu, akaniangalia, akashika kifua. "Mwanangu! Umepatwa na nini?"

"Nyuki, mama," nikasema.

Mjomba akanigeukia, macho yamemtoka, halafu, kwa kuwa ni mtu asiyemwacha ndugu yake aaibike peke yake, akaongeza, "Wengi mno!"

Hapo tungekunywa chai yakaisha. Kumbe baba yake Rebeka, Mzee Elisha, ndiye mwenyekiti wa mradi wa nyuki wa kijiji, na mizinga ya kijiji ilikuwa inaning'inia mitupu tangu masika.

"Wapi?" akauliza, kikombe amekiweka chini.

"Huko bondeni, mzee. Kwenye mikaratusi."

"Wametulia au walikuwa wanapita?"

"Wametulia," nikasema (kwa nini sikusema walikuwa wanapita, Mungu ndiye anayejua).

Mzee Elisha akatoka nje akapiga ukelele, na kabla sijamaliza kuitafuna mbatata yangu kijiji kilikuwa uani, huyu na mzinga begani, yule na kienge cha moshi, wanawake wanashangilia kwamba mgeni ameleta baraka. "Mwalimu atatangulia, atuonyeshe mti!" Mjomba ghafla akaumwa goti. Nikatangulia, saa sita mchana, na dawa usoni.

Nikawazungusha mti hadi mti. Jua lilinishika uso kama pasi, macho yakavimba, na nyuma yangu utani ukaanza: "Mwalimu, au walikuwa inzi?" Mwishowe nikaonyesha mkaratusi mrefu kuliko yote, nikitumaini watakata tamaa. Hawakukata. Bwana Hamisi, jirani wa kina Rebeka, mtu mzima mwenye watoto, akakiuma kienge kwa meno akaukwea ule mti laini kama sabuni hadi nikaona nyayo zake tu, na akiwa juu kabisa, tawi linalia, akaita, "Mwalimu, tawi lipi?"

Nikashindwa. "Shuka, ndugu yangu. Hakuna nyuki. Ni kansa. Hii dawa ya kupaka ndiyo inayonichubua."

Sauti ikatoka juu: "Yaani ningevunjika shingo kwa ajili ya sura yako?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema kansa haipakwi, inakatwa. Mwingine akanishauri niitupe dawa ile, kwani sioni inavyonimaliza? Rebeka, aliyetufuata pamoja na wanawake, akapenya katikati yao.

"Daktari alisemaje kuhusu jua?"

"Nilikimbie."

"Na wewe ukalifuata mpaka kwetu." Akavua kanga yake ya mabegani, akanifunika kichwa na uso mbele ya baba yake na kijiji kizima, jambo ambalo msichana anayeposwa hakuruhusiwa kulifanya. "Baba, harusi ingoje mpaka daktari amwambie acha. Akiiacha dawa kwa sababu yetu, mimi simtaki."

Mzee Elisha alinitazama, hasira na huruma vikigombana. "Hata mimi simtaki," akasema. "Apake." Kisha akawageukia watu wake. "Na mzinga tumeshauleta. Tundikeni hapa hapa."

Wakautundika huku wanaimba, watu niliowapotezea mchana mzima, na Bwana Hamisi ndiye aliyepanda tena.

Nilipaka mpaka mwisho, magamba yakadondoka, daktari akaridhika, tukaoana. Tangu hapo anayeniuliza nina nini usoni namjibu kansa, hata akiwa mkubwa wa idara. Na kila Jumamosi Rebeka hunisimamisha dirishani, hunigeuza kidevu huku na huku, na akisema "twende hospitali" sibishi, natafuta kofia yangu.