Nani Aliuziba Mfereji wa Kisiwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivushwa kwa mtumbwi hadi kisiwa kidogo cha Mto Mara, kati ya Tarime na Serengeti. Mkuu wa Kituo, aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, alinionyesha mfereji wa kale wa mawe, ulioinuliwa juu ya nguzo, ukipeleka maji kijijini. Ulikuwa umetangazwa karibuni kuwa urithi unaolindwa. Akaniagiza kuandika katazo.

"Bwana Mhifadhi, asiguse mtu. Hata jani."

Niliandika, nikatia saini, nikabandika.

Kila mwaka kabla ya mvua, akina mama wa kisiwani walizoa tope mferejini na kung'oa miche iliyoota kwenye viungo, yaani chokaa inayoshika jiwe na jiwe. Mwaka ule niliwazuia. Kiongozi wao, Mama Bhoke, alisimama mbele yangu na jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo Serikali yenu imekuja kulinda maji au mawe?"

"Mawe, mama."

Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Basi leo tunapika mawe."

Waliondoka wakicheka.

Tope lilijaa, maji yakasimama, mizizi ya mkuyu ikapenya. Nilibandika vipande vya kioo juu ya nyufa. Kioo kikivunjika, ujue ufa unapanuka. Vilivunjika vyote. Hatimaye nguzo mbili zilianguka, na akina mama wakarudi kuteka maji mtoni, penye mamba.

Mkuu wa Kituo aliandaa taarifa kwamba uharibifu ulitokana na wananchi.

"Tia saini hapo, twende tukale."

"Mkuu, hawa ndio waliokuwa wakiusafisha."

"Unataka kuzeekea daraja hilo hilo?"

Sikutia saini. Nilihamishiwa Mugumu kutunza stoo ya vifaa, na kweli nilizeekea daraja hilo hilo.

Mwaka huu nilivuka tena. Kibao kipya kinawaeleza wageni kwamba mfereji uliharibiwa na wananchi. Mama Bhoke alikwisha fariki. Wajukuu zake hupita hapo kila siku, nao wanajua kusoma. Nimeandika barua tatu. Nimejibiwa mara moja, kwamba suala linashughulikiwa.

Nimechoka, vijana mnaoingia kazi hii, lakini kumbukumbu lazima ziwekwe sawa. Wenzangu hunisifu kwa saini niliyoikataa. Mfereji ule uliuawa na katazo, na chini ya katazo kuna saini moja tu. Ni yangu.