Mamkubwa alivyokataa kuitwa mjasiriamali kwenye wasifu wake

Wakuu, poleni na joto na mihangaiko.

Mvua imekatika sasa hivi hapa Kibamba, bati la jirani bado linadondosha maji, na mie nimekaa mlangoni nimeshindwa kufanya kazi nyingine yoyote. Nimeona niliandike hili kabla halijanipotea. Majina nimebadilisha, mengine yote yametokea. Atakayeona ni chai ya kutunga, basi anywe taratibu.

Kwanza mnijue kidogo.

Nina miaka arobaini na kitu, shule niliishia form four. Sijawahi kukaa mtaa mmoja nikatulia. Tandika, Mbagala, Goba, sasa huku. Nikishaanza kuzoeana na mbwa wa jirani, najua muda wa kuhama umefika.

Ila popote ninapohamia, ukoo unanifuata kwa simu kwa kazi moja: kuandika wasifu wa marehemu na kuusoma msibani. Wanasema nina sauti.

Mnaijua ile karatasi. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto, alianza kuugua, ameacha wajukuu. Nimeandika nyingi mpaka mkono unajiendea wenyewe.

Sasa mwaka jana tulikuwa msibani Chang'ombe. Aliyefariki alikuwa Mama Stella, rafiki wa Mamkubwa wangu. Mamkubwa ni dada yake mama, ndiye aliyenilea. Yeye na Mama Stella waliponda kokoto pamoja Kunduchi miaka na miaka, jua kichwani, nyundo mkononi.

Wasifu safari hiyo uliandikwa na watoto wa marehemu. Msomaji akafika mahali akasema, "Mama yetu alikuwa mjasiriamali katika sekta ya ujenzi."

Mamkubwa akaniinamia. Mnajua wazee wakidhani wananong'ona.

"Wanamzika nani hapo?"

"Mama Stella, Mamkubwa."

"Huyo simjui. Mama Stella alikuwa anaponda mawe."

Viti vya mbele vyote viligeuka. Mie nikawa natazama viatu vyangu.

Tulirudi mpaka tukakaribia kwake. Ndipo akasema, "Wangu uandike sasa hivi, niusikie nikiwa hai. Sitaki kuzikwa kwa jina la mtu mwingine."

Nikaandika. Nikaenda kumsomea kwake Goba, kwenye kilima, kwenye nyumba aliyojengewa na mwanaye wa kwanza, Edwin. Alinisikiliza amefumba macho. Alizaliwa Njombe, aliolewa, alijishughulisha na shughuli mbalimbali za kujiongezea kipato...

Nilipomaliza akafumbua jicho moja.

"Umeandika vizuri. Huyo mama alikufa kwa ugonjwa gani?"

Wakuu, nilicheka mpaka chai ikanipalia. Yeye hakucheka.

"Ukitaka kuniandika mimi," akasema, "nipeleke Kunduchi."

Tukachukua bajaji.

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa sijafika pale tangu utotoni. Shimo la machimbo tulilolijua sisi limejaa maji ya kijani, kwenye kingo zake kuna nyumba zenye mageti, na juu ya maji walikuwa wanaruka kerengende. Vumbi jeupe lilelile lilikuwa kwenye majani. Nilisimama pale nikahisi kama nimeota ndoto ya mtu mwingine, halafu taratibu nikaanza kuzisikia nyundo. Ko. Ko. Ko. Kila mama na mdundo wake. Nikiwa mdogo nikitoka shule nilikuwa nafumba macho natembea kwa kuusikiliza wa Mamkubwa tu, mpaka namgusa begani.

Yeye alikaa juu ya jiwe, akavua viatu, akaanza kusimulia. Jinsi mume alivyoondoka asubuhi moja kama anayekwenda dukani. Jinsi alivyofundishwa kuzungushia jiwe duara la mpira wa tairi ili vipande visimrukie machoni, na jinsi kidole gumba kilivyopondeka kabla hajajifunza. Jinsi alivyokuwa anaimba ili asihesabu ndoo.

Na jinsi alivyomzaa Edwin palepale. Mie nilikuja kuishi kwa Mamkubwa wakati Edwin tayari anatembea, kwa hiyo hilo nilikuwa silijui.

Alikuwa anasimulia kama anayemzungumzia binti aliyempenda sana zamani.

Nikaandika upya. Nikamtumia Edwin kwenye simu, maana ni mkubwa wa nyumba. Akapiga papo hapo, hata kabla hajaumaliza kuusoma.

"Bro, hayo ya kokoto yatoe. Weka mjasiriamali, inatosha."

"Niyatoe vipi, mdogo wangu? Mwenyewe yupo hai, ndiye kasema."

"Siku hiyo wakwe zangu watakuwepo, wafanyakazi wenzangu watakuwepo."

"Kwa hiyo unamuonea aibu mama?"

"Simuonei aibu. Wewe ulihama ukaenda zako. Mie shule nzima niliitwa Kokoto. Nimechoka kuonewa huruma, bro, basi."

Na wakuu, nilimuelewa.

Nikampelekea Mamkubwa maneno hayo. Alikuwa anachambua mchele. Akatoa punje, akatoa punje, akasema, "Basi iweke hiyo karatasi." Nikajua imeisha. Nilitoka pale moyo mzito, nikaanza hata kuulizia chumba Bunju.

Mwezi uliopita binti wa Edwin, Neema, alipata kipaimara. Sherehe ilikuwa nyumbani kwa Edwin: hema, viti vimevishwa vitambaa, MC wa kelele. Wakwe wamekaa mbele. Keki ikakatwa, zawadi zikatolewa, MC akasema, "Sasa bibi atatupa nasaha, dakika mbili tu, bibi, ubwabwa unapoa!"

Mamkubwa akasimama na kitenge chake cha bluu. Akaishika maiki kwa mikono miwili.

"Neema, mjukuu wangu. Leo umepewa jina la kipaimara. Mie nataka nikupe na langu, maana nikishakufa watanipa jingine."

Watu wakacheka. Edwin hakucheka.

"Mie ni mponda kokoto. Nilianza nikiwa kijana, nikaacha magoti yalipokataa. Hiyo nyumba ya ghorofa unayoiona ukienda mjini, huenda kokoto yake nimeiponda mie. Sijui. Napenda kudhani hivyo."

Mahali fulani kijiko kilianguka.

"Baba yako nilimzaa pale pale machimboni. Uchungu ulinikuta mchana, wenzangu wakanizungushia khanga. Unajua machimboni hakunyamazi, watu wanaponda toka asubuhi mpaka jua lizame. Siku hiyo waliweka nyundo chini wote. Wanawake, wanaume, hata wapakiaji wa malori. Machimbo yote yakanyamaza, mpaka nikaogopa, nikadhani nimekufa. Halafu nikasikia mtoto analia..."

MC, nadhani aliona mambo yanakuwa mazito, akamkonyeza DJ. Muziki ukaanza kupanda pole pole. Mamkubwa akatazama huku na huku, maiki imeshuka kifuani.

Hapo Edwin akasimama.

Mie nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. Nikajua anakwenda kumpokonya maiki mama yake mbele za watu. Akapita meza ya wakwe. Akampita mama yake bila kumtazama. Akaenda moja kwa moja kwa DJ, akanyoosha mkono, muziki ukakatika.

"Mwacheni amalize," akasema. "Hiyo mie mwenyewe sijawahi kuisikia."

Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka mbele ya mama yake, magoti karibu yagusane. Akakaa na tai yake.

"Halafu ikawaje, mama?"

Mamkubwa akaendelea. Ubwabwa ulipoa, na hakuna aliyeulizia.

Nilichojifunza ni kwamba mie miaka yote nimekuwa nikiandika tarehe za watu nikadhani ndio watu wenyewe. Mtu akijisimulia mwenyewe, hachagui yale tunayodhani ni ya kujivunia. Anachagua pale alipokaribia kuvunjika akabaki mzima. Pale ndipo anapojitambua kuwa ni yeye. Na sisi watoto, kwa mapenzi kabisa, ndipo tunapopafuta.

Leo asubuhi nimejaribu kuandika wasifu wa kwangu. Nimefika "nimeishi Tandika, Mbagala, Goba, Kibamba" nikakwama. Naona nimeandika vituo, safari yenyewe haimo. Nitajaribu tena jioni.

Haya, nyie mnaosoma: mzazi wako akiambiwa ajisimulie mwenyewe, angeanzia wapi? Unajua, au unakisia tu? Kama yupo hai nenda kamuulize, halafu rudi utuambie hapa chini. Nipo, nasoma zote.