Mdiria wa Mbita Hakusomea Ugiriki

Enzi zetu pale Mbita, hali ya hewa tulitangaziwa na mwalimu wa Kiingereza, na ndiyo maana tulilowa sana. Alipenda maneno mazito kuliko alivyopenda chai, na neno lililomnasa kooni mwaka ule lilikuwa halkioni.

Tukiwa kwenye madawati yaliyotuchania kaptula, akatusimulia. Wagiriki wa kale walikuwa na Alkione, binti wa mtawala wa upepo. Mumewe alipokufa maji, naye akajitupa baharini kumfuata. Miungu ikawahurumia, ikawageuza wote wawili kuwa mdiria, yule ndege mvuvi mwenye mdomo mrefu. Basi kila mwaka Alkione akitaga, babake huufungia upepo ndani mpaka vifaranga watoke. Ndizo siku za halkioni, siku za utulivu na raha. Swali letu lilikuwa moja tu: mayai yake yanalika?

Mwalimu hakuishia darasani. Alikuwa akimchumbia shangazi yangu Atieno, aliyeanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufuoni, na maneno yake ya mapenzi yote yalitoka vitabuni. Siku moja shangazi aliona wingu, akaanza kuzoa omena wake. Mwalimu akamwonyesha mdiria akiingia tunduni kwenye ukingo wa udongo, akamhakikishia kwamba ndege anatamia, upepo umefungwa. Shangazi, mapenzi hayana macho, akaketi. Mvua iliyonyesha iliwageuza omena wote kuwa chakula cha kuku.

"Mwalimu," akamwambia, "hiyo ndege yako ilisomea Ugiriki. Hii ya Mbita haijaenda shule."

Kisha akaolewa naye, akamgombeza kila mvua iliponyesha, miaka nenda miaka rudi.

Mwalimu tulimzika mwaka jana. Juzi nilimtembelea shangazi pamoja na binti yangu, wa kizazi hiki kisichoamini wingu mpaka simu iseme. Mbingu juu ya kisiwa cha Rusinga ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria. Binti akachungulia simu, akatangaza hakuna mvua. Nikainuka nizoe omena, shangazi akanishika mkono. Alikuwa akilitazama tundu la mdiria.

"Wacha," akasema. "Ndege inatamia."

Tukalowa sote, simu pia. Binti yangu aliipangusa tu, akaendelea kuiamini. Enzi zetu, aliyekudanganya kuhusu mvua alilowa pamoja nawe, na ulimjua kwa jina. Shangazi alicheka mpaka akalia.

"Angekuwa hapa," akasema, "leo ningemgombeza mpaka jioni."