Jina Langu na Mbwa wa Kihungaria

Ni ule mwaka kuku wa Minnesota walikufa kwa homa, mayai yakapanda bei yakawa ya Jumapili peke yake, na siku nyingine zote tukashindia uji na viazi vitamu vya kununua kule mjini, mtaa wa Phillips. Ndipo mkwe wangu akatuletea nyumbani, hapa Coon Rapids, mbwa aliyezaliwa kuwinda ndege.

"Mama, huyu anaitwa vizsla," akaniambia. "Ni aina ya Kihungaria."

Nikamtazama. Jike, mwembamba, mbavu zinahesabika, rangi moja ya kutu mwili mzima, hata pua, hata macho. Manyoya mafupi yamelala kwenye ngozi. Kwetu mbwa hulala nje na kubweka. Huyu akipigwa na baridi kidogo anatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na binti yangu, nesi mzima, akamnunulia sweta mpya. Mimi nilipotua nchi hii mwezi wa pili, theluji imefika magotini, nilivishwa koti kuukuu la mkwe.

Sofa yetu ina mahali pangu, pembeni karibu na dirisha. Mjukuu wangu ni mmoja tu, wakati huo alikuwa na miaka tisa. Nimemlea tangu akiwa na wiki sita, mama yake akienda zamu hospitalini. Akitoka shule alikuwa ananiegemea hapo nimsuke. Mbwa alipokuja akajipenyeza katikati yetu. Mbwa wa aina hii hakai karibu na mtu, anakaa juu ya mtu. Ukienda chooni anakufuata, ukifunga mlango analia. Usipompeleka kukimbia asubuhi, anazunguka nyumba mpaka kichwa kinakuuma. Ukimfokea ananuna kutwa, anakutazama kama wewe ndiye uliyekosa. Na usiku anaingia chini ya blanketi la mtoto, kichwa kwenye mto, mahali nilipokuwa nikiketi kumwombea alale. Sitaficha, wivu ulinikaba.

Sasa kuna jambo la majina. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama. Mjukuu wangu ni wa kwanza, kwa hiyo amebeba jina la yule mama mwingine, aliyeko Kenya, ambaye hajawahi kumbadilisha nepi hata moja. Kila Jumapili anapiga simu na kumwuliza mtoto, "Hujambo, mimi?" Nami niko jikoni nageuza chapati. Nilikuwa nangoja wa pili.

Wiki hiyo ya kwanza, mbwa hajapewa jina, mtoto alitutangazia mezani. Mtoto huyu husikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, lakini siku hiyo alijikaza akakisema, ili nijue ni heshima.

"Shosho, huyu ni msichana wa pili. Ni zamu yako. Nampa jina lako."

Mkwe wangu akapaliwa na chai. Binti yangu akainamia sahani.

"Jina langu halipewi mbwa," nikasema.

Mtoto akalia. Alidhani ananipa zawadi. Akakataa kumpa jina lingine, kichwa kigumu kama mimi, na mbwa akaitwa "Wewe" miezi yote iliyofuata.

Binti yangu alinifuata jikoni, bado yuko na sare ya kazi. "Mum, si ungekubali tu. Ni mtoto."

"Zaa wa pili umpe jina langu, nami nitanyamaza."

"Kiwanda kilifungwa, Mum. Mimi mwenyewe nilimwomba daktari anifunge uzazi. Ni mwaka wa nne huu, nimekosa vile nitakuambia."

Nilikuwa nakanda unga. Nikaendelea kuukanda mpaka ukashindwa hata kusukumika. Jina la yule mama wa Kenya litaitwa na walimu, na waume, na wajukuu wa wajukuu. Mimi nitaishia kwenye karatasi za kliniki.

Theluji ya kwanza ilipoanguka, siku ya Jumamosi, niliacha mayai ya kesho kwenye bakuli nikaenda kuketi mahali pangu. Mbwa akaja polepole, mdomo ameufumba, akainama, akaniwekea yai mapajani. Lilikuwa limelowa mate. Ufa halikuwa nao. Mkwe wangu alishanieleza kwamba mdomo wao umeumbwa kubeba ndege bila kumchubua, nikadhani ni maneno ya wauza mbwa. Kisha akaniegemea kwa uzito wake wote, moto kama mtoto mwenye homa, na mkono wangu ukampapasa kabla sijauruhusu.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni.

"Shosho, anakupenda kuliko anavyonipenda mimi," akasema, na uso wake niliujua. Ndio niliokuwa nao mimi tangu mbwa aingie nyumba hii.

"Njoo," nikamwambia. "Huku kuna nafasi."

Akaja akajibana upande wangu wa pili. Nikavua leso niliyojitanda mabegani nikamfunika mbwa, maana alikuwa anatetemeka. Tukakaa. Nje bata bukini walishuka uani, mbwa akatoa kichwa kwenye leso, akainua mguu mmoja, akaganda vile mbwa wa kuwinda huganda wakiona ndege.

"Amekuwa wako sasa," mtoto akasema taratibu. "Na hakuna msichana mwingine anayekuja, Mum ameniambia. Nimwite jina lako?"

Nilimsikia vizuri. Nikaivuta leso ifike shingoni kwa mbwa.

"Jina langu halipewi mbwa," nikasema.