Kanisa Lilimsamehe Kabla Mtoto Wangu Hajaulizwa

Kwaa!

Halafu tena, kwaa! Kifuniko cha sufuria kimegonga sakafu.

Ilikuwa Sabato, kabla hakujapambazuka, na stima ilikuwa imepotea tangu jana. Nikadhani ni paka. Nikawasha tochi ya simu.

Hakuwa paka. Alikuwa Bitutu wangu, miaka mitano, amepiga magoti anasukuma sufuria zetu zote mvunguni mwa kitanda.

"Bitutu, unafanya nini?"

"Naficha. Auntie akija Jumatatu asipate ya kupikia."

Auntie ni Nyasuguta, jirani yangu hapa Masara na shemasi kanisani. Mimi nauza omena, wale dagaa wa ziwani, mchana, jioni nasoma masomo ya watu wazima. Nyasuguta ndiye alikuwa akikaa na Bitutu kwangu nikienda class. Kisha mtoto akamwagikiwa na uji, mkono wa kulia wote. Nikaacha class nimuuguze. Jana yake ndio nilikuwa nimemwambia Jumatatu narudi shule, na Auntie atakuja.

"Lakini Auntie alikuwa na wewe ile siku ya uji, si ndio?"

Akatikisa kichwa.

"Alienda. Alifunga mlango na kufuli. Nilisikia njaa, nikavuta sufuria."

Nikakaa chini kwenye simiti baridi.

"Mbona hukuniambia?"

"Alisema ukijua utaacha kusoma."

Jamani. Mtoto wa miaka mitano alinibebea siri na kidonda pamoja, ili mimi nisome!

Ngoja niwaambie vile nilivyokuwa nimeelezwa. Ilikuwa Ijumaa, siku ambayo kwetu Sabato huingia jua likitua; mto ulifurika, boda zikakataa kuvuka, nikafika nyumbani giza limeshika. Nikakuta Nyasuguta amembeba Bitutu, mbio kwenda dispensari. Viatu vyake vilijaa matope mekundu. Nikadhani ni mvua.

"Tulikuwa tunafungua Sabato kwa wimbo," akaniambia akilia. "Mtoto akatoroka akavuta sufuria. Ni mtundu huyu!"

Nikamshukuru. Mimi! Nikampelekea omena ya shukrani.

Na kanisani nikala matusi ya upole, yale ya kupakwa sukari. "Mama Bitutu, shule imekula mtoto." "Sabato inaingia, mama yuko class, yawa." Nyasuguta alikuwa hapo. Alisikia yote, akatazama Biblia yake.

Sasa nikavaa, nikamshika Bitutu mkono ule mzima, tukaenda kanisani. Ilikuwa Sabato ya Meza ya Bwana. Nilipanga kumngoja Nyasuguta nje baada ya ibada.

Mzee wa kanisa Mogire akasimama.

"Dada Nyasuguta alikuja mwenyewe mbele ya baraza. Amekiri kwamba ile Ijumaa ya mafuriko, jua lilitua akiwa machimboni, anaosha mchanga wa dhahabu. Sabato ikamkuta kazini. Ametubu. Tumsamehe, ama?"

"Ameni!"

Walimkumbatia. Wengine walilia. Mimi nilikuwa natazama ule mkono wa Bitutu kwenye paja langu, ngozi imekunjamana kama nailoni iliyopitiwa na moto.

Kwa hivyo matope yalikuwa ya machimbo. Kumbe alikuwa ametubia jua!

Kwetu, kabla ya mkate, tunaoshana miguu. Wanaume upande wao, wanawake kile chumba cha nyuma. Ukiwa na neno na mtu, hapo ndipo mnalimaliza. Nyasuguta akaja moja kwa moja kwangu na karai, taulo begani.

"Dada yangu, tuoshane."

"Usiniguse."



"Umemwambia Mungu habari ya jua," nikasema. "Kufuli je? Ulimwambia kufuli?"



"Ningesema ningeondolewa ushemasi," akanong'ona. "Niliogopa. Nilijua narudi sasa hivi. Halafu mchanga ukaanza kutoa…"

"Ukamfungia mtoto wangu na moto! Ukamuita mtundu! Ukaniacha nitukanwe!"

Mama Machuki, mke wa Mzee Mogire, akanivuta nguo. "Joyline, hapa si mahali. Wewe ni Mkristo, samehe yaishe."

"Yaishe kwa nani, mama? Mimi sikuchomeka. Mwenye msamaha ni huyu hapa. Amwombe yeye."

"Mtoto hajabatizwa. Haoshwi."

"Alipochomeka alikuwa amebatizwa?"

Nyasuguta akaweka karai chini.

Najua kuna mtu ataniuliza hapo chini kwenye comments kama nilimsamehe. Bado. Naiombea hii hasira kila siku, na kila siku naikuta jikoni imenitangulia kuamka. Jumatatu nilirudi class. Nilienda na Bitutu, mwalimu akamtafutia stuli. Nitamaliza shule, kwa sababu mtoto aliilipia.

Lakini nisikilizeni, wapendwa. Msamaha si kifuniko cha kufunika sufuria inayochemka. Ukimwumiza mtu, usimzunguke ukaingia kwa Mungu kwa mlango wa nyuma. Pitia kwake kwanza, hata kama urefu wake unakufika kiunoni tu.

Acheni niwamalizie ya kile chumba.

Nyasuguta alipiga magoti mbele ya Bitutu. Hakumtazama mtu mwingine.

"Mimi nilikufungia," akasema. "Nikaenda. Nikasema ni wewe mtundu. Ulikuwa uongo. Hukukosa kitu, mtoto wangu. Nisamehe."

Bitutu hakumsikiliza. Alikuwa anaangalia mvuke wa karai, kwa sababu maji ya kuoshana huwa tunayapasha. Akarudi nyuma hadi akanigonga, akauficha ule mkono ndani ya gauni langu.

Nyasuguta akaelewa. Akachukua jagi akamimina maji baridi, akamimina tena. Akatumbukiza mkono wake hadi kwenye kiwiko, akauacha humo, machozi yanadondokea karai.

Tukangoja. Kina mama wote.

Bitutu akavua kiatu kimoja. Akagusa maji kwa kidole cha mguu, akakitoa. Akaingiza tena, taratibu, mguu mzima.

Kisha akainua uso kunitazama, akasema kwa sauti:

"Mama, maji si moto."