Nafasi Iliyobaki Mbele

Kwetu ukinunua pikapu, ujue umenunua na matanga ya ukoo mzima. Siku ya kuileta nyumbani hakuna anayekuambia hivyo. Watu hupiga boneti makofi, wazee huiombea dua, watoto huandika majina yao kwenye vumbi la mlango. Kisha mtu anafariki, na kila jicho linageukia pale ulipoegesha.

Nililijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo ujinga wangu hauna udhuru. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nikinunua samaki Karungu na kuwauza mjini Migori, kijana mwenye ndevu za kuhesabika na maneno yasiyohesabika. Pikapu ilikuwa kuukuu lakini yangu. Wakala wa bima, mama mmoja aliyekuwa na ofisi nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, alinieleza kwa subira kwamba bima niliyochagua ni ya gari la mizigo. Ilinikinga mimi na wanaokaa mbele pamoja nami. Wa nyuma akiumia, kampuni haimjui.

"Ongeza kidogo tuweke na watu wa nyuma," alisema. "Wewe ni kijana wa huku. Utabeba matanga."

"Mimi ni mfanyabiashara, mama. Sibebi matanga."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba hataoa maisha yake yote. Hakubishana. Nilitoka pale nikijiona mjanja, nikabandika stika ya bima kwenye kioo cha mbele, na kwa wiki nzima nilikuwa nikiipangusa kwa kitambaa.

Mwaka haukuisha kabla ya baba yangu mdogo kufariki. Alikuwa seremala pale Migori, na mwili ulitakiwa kwenda nyumbani, mbele ya Homa Bay, karibu na Mbita. Hakuna aliyeniuliza kama nitalitoa gari. Waliniuliza tu tunaondoka saa ngapi, nami nikajibu, maana hata wakala alijua ningejibu.

Shangazi yangu, ambaye sisi humwita waya, alikuwa dada mkubwa wa marehemu. Mama yao alikufa mapema, waya ndiye aliyemlea, akambeba mgongoni akienda kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Bado alikuwa akiuza omena sokoni, Msabato ambaye Ijumaa jua likianza kuteremka alikuwa tayari amefunga magunia yake. Siku ya safari, mjane alikaa mbele nami, na katikati yetu ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

"Waya, njoo huku mbele," nikamwita. "Kuna nafasi."

"Na yeye atakaa na nani?" aliuliza, tayari mguu wake mmoja ukiwa juu ya gurudumu. Akapanda, akaketi kwenye mbao kando ya jeneza, mkono wake akauweka juu ya kifuniko. Akina mama wengine wakamfuata.

Mmoja wao alisitasita kupanda, akasema gari hili limezeeka. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. "Pandeni tu, msiogope. Hii gari iko na bima." Nilisema kwa sauti, wote wakanisikia. Nilijua ukweli, na nilisema.

Tulipopita Homa Bay barabara ilikuwa ya murram, udongo usio na lami, na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Kwenye mteremko tairi za nyuma ziliteleza, gari likaingia mtaroni na kuegemea ubavu. Halikupinduka. Akina mama waliruka, wakachubuka viwiko na magoti. Waya hakuruka, kwa sababu alikuwa amelishika jeneza, na jeneza likamtelezea, likaubana mguu wake kwenye ubavu wa gari. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye sikusikia, na guu lililovunjika lilikuwa la mwingine.

Ndugu yake alizikwa yeye akiwa amelala hospitalini Homa Bay, mguu umening'inizwa. Daktari alisema apelekwe Kisumu haraka akafanyiwe upasuaji, la sivyo hatatembea tena sawasawa. Fedha hizo sisi hatukuwa nazo. Kampuni ya bima ilikuwa nazo, na mkaguzi wake alikuwa njiani kuja. Ndipo nikaketi kando ya kitanda, nikamwambia waya aseme kwamba alikuwa amekaa mbele.

"Lakini sikukaa mbele," alisema.

"Nafasi ilikuwapo, waya. Ni kama ulikaa."

Huyu alikuwa mwanamke ambaye gorogoro, kopo lake la kupimia, ikijaa omena hadi kumwagika, bado aliongeza konzi moja juu. Akasema, "Kama hiyo itakusaidia, nyathina." Aliniita mtoto wake, akidhani mimi ndiye ninayehitaji kusaidiwa. Hakukosea, kwa maana kuliko mguu wake, nilichoogopa zaidi ni watu kujua nilivyodanganya siku ya safari.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole. Aliuliza kwa Kiswahili cha ofisini, na waya akamjibu kwa Kiswahili chake cha sokoni: "Mimi nilikaa mbele, karibu na dereva." Mkaguzi aliandika, kisha akasimamisha kalamu. Akaacha Kiswahili, akamuuliza kwa Kijaluo, taratibu, kama anavyouliza jirani.

"Mama, marehemu alikuwa nani wako?"

"Ndugu yangu. Mimi ndiye niliyemlea."

"Na ulikaa mbele, ukamwacha nyuma na watu wengine?"

Waya alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena, na sitaki. Machozi yakamtoka, akageuza uso upande wa mkaguzi.

"Hapana," alisema. "Singeweza kumwacha. Nilikaa naye."

Mkaguzi alifunga karatasi zake, akamwambia pole, akaondoka. Kampuni haikulipa. Niliiuza pikapu, lakini ilichelewa kupata mnunuzi, na tulipofika Kisumu mfupa ulikuwa umeshaunga vibaya. Mpaka leo akitembea mguu mmoja hufika kabla ya mwingine.

Jioni ya siku ile ya mkaguzi nilimpelekea uji. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ningeshukuru. Hakunigombeza. Alikunywa kidogo, akakirudisha kikombe.

"Unadhani alinisikia," aliniuliza, "niliposema nilimwacha?"

Kanisani kwao hufundishwa kwamba wafu hawajui neno lolote. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, nikiwa mdogo. Ningeweza kumkumbusha. Nilikichukua kile kikombe, nikatoka nje kukiosha.