Soda za Daktari kwenye Friji la Chanjo

Hasira hii ninayo tangu likizo yangu ya kwanza ya chuo kikuu, miaka ya tisini, na sioni sababu ya kuitua.

Nilikuwa nasomea uhandisi, na somo lililonikaa kichwani kuliko yote lilikuwa thamodinamiki. Nililipenda kwa sababu halina upendeleo. Joto likipata mwanya linatoka penye moto kwenda penye ubaridi, liwe la bosi au la mfagizi, na kulirudisha lilikotoka ni lazima kazi ifanyike. Nilirudi Mpanda kwa treni, nikaunganisha gari hadi kijijini kwetu, upande wa Kasekese, najiona nimeijua dunia.

Mama alikuwa muuguzi wa zahanati ndogo pale. Siku ya kliniki nikamsindikiza. Chanjo za watoto zilitunzwa kwenye friji la mafuta ya taa, lenye utambi unaowaka chini yake. Nikalikuta limesukumwa hadi ukutani, limefunikwa kitambaa cha kufuma mpaka mgongoni, palepale linapotolea joto. Nikafungua mlango. Vichupa vya chanjo vilikuwa vimebanwa pembeni na soda. Soda! Kipimajoto cha ndani kilikuwa kimepanda kupita mstari mwekundu.

"Za daktari," Mama akasema. "Nimeshasema mpaka nimechoka."

Daktari, ndivyo kijiji kilivyomwita mkuu wa zahanati, akaingia akafungua friji, akawa anachagua soda bila haraka, mlango wazi. Nikamwamkia, kisha nikamweleza kwa adabu zote: kila akifungua, joto linaingia, na friji lililobanwa ukutani haliwezi kulitoa. Chanjo zimeharibika.

"Binti, nyie wa chuo hayo mambo yenu yaacheni hukohuko Dar. Nesi, anza kuchoma."

Mama akakitazama kipimajoto. "Hizi sichomi," akasema.

Nje walikaa akina mama na watoto wao, wengi Wasukuma wa ng'ombe waliotoka mbali. Daktari akatoka na chupa yake, akawatangazia kwamba hakuna chanjo leo, binti wa nesi alikuwa anajaribia masomo yake kwenye friji, ameliharibu. Alisema hivyo bila kupepesa macho. 

Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akanigeukia. "We dada, sie tumeamka usiku na hawa watoto, we unachezea dawa?"

Nilifungua mdomo nimwage yote. Mama akanishika mkono kwa nguvu.

"Waombe radhi, mwanangu."

"Mama! Mimi?"

"Wakijua friji letu ndiyo liko hivi kila siku, hawaleti tena watoto. Wakidhani ni wewe, wewe unaondoka, wao watarudi. Hilo friji nitalivuta mwenyewe, na soda nitazitoa hata akinifukuza."

Nilimchukia Mama kwa dakika ile, na daktari pia. Lakini kulikuwa na watoto pale, na surua haisikilizi maelezo ya mtu.

"Nisameheni," nikasema. "Nililifungua mimi."

Wakainuka, wakajifunga kanga, wakaondoka bila kuniaga. Daktari alikuwa bado amesimama mlangoni. Akapiga funda moja, akakunja uso, akamwambia Mama kuwa soda siku hizi hazipati baridi.